Bayleaf: nyumba iliyorudishiwa moshi wake

Ukitaja nyumba ya fito na udongo, msomaji wa Kiswahili haifikirii Uingereza. Lakini Bayleaf, nyumba ya mkulima kutoka Chiddingstone huko Kent, imejengwa hivyo hivyo. Mifupa yake ni mbao nene za mwaloni, katikati zimepitishwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde la Bough Beech liligeuzwa bwawa, na nyumba ilikuwa njiani mwa maji. Kampuni ya maji iliitoa bure, mafundi wakaifungua mbao moja moja, na leo imesimama Singleton, Sussex Magharibi, kwenye makumbusho ya Weald and Downland yaliyoasisiwa na Roy Armstrong mwaka 1967.

Kuihamisha hakujaleta ugomvi mkubwa, maana isingehamishwa ingebomolewa. Ugomvi ni kwamba haikusimamishwa kama ilivyokutwa. Dohani iliyojengwa baadaye haikurudi. Dari iliyokuwa imeukata ukumbi haikurudi, wala vioo vya madirisha. Nyumba ilirejeshwa ilivyokuwa mnamo mwaka 1540, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia.

Wapingaji wana hoja ya siku nyingi. Mwaka 1877 msanii na mwandishi William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, wakiwa wamechoshwa na wasanifu waliokuwa wakikwangua makanisa ili yafanane na karne waliyoipenda wao. Walisema jengo lina haki ya kubaki na tabaka zake zote, na kwamba kazi yetu ni kuziba paa linapovuja, si kuamua mwaka gani ulikuwa bora. Kwa kipimo hicho Bayleaf ina kesi ya kujibu. Pete za miti zilizomo kwenye mbao zake zinaonyesha ukumbi ulijengwa kati ya 1405 na 1430, na upande wa vyumba vya wenye nyumba kati ya 1505 na 1510. Ukihesabu mpaka ilipofunguliwa, hiyo ni zaidi ya miaka 530. Katika umri wote huo umechaguliwa mwaka mmoja, na wote walioota moto mbele ya dohani, vizazi kwa vizazi, wamefutwa.

Hesabu hiyo inauma, na sitajaribu kuipunguza. Ila wanaoitaja mara nyingi husahau nyumba zenyewe zilivyo.

Nyumba za aina hii, zinazoitwa za Weald kwa jina la eneo lile la Kent na Sussex, zina ukumbi katikati ulio wazi kutoka sakafuni mpaka kwenye paa. Pande zote mbili kuna vyumba vya ghorofa: upande mmoja stoo za chakula na vinywaji, upande wa pili vyumba vya wenyewe. Vyumba vya juu vimechomoza mbele, paa moja limefunika vyote, kwa hiyo ukitazama kutoka nje ukumbi unaonekana kama umerudi nyuma hatua moja. Kent bado ina mamia ya nyumba hizi, nyingi zikilindwa na sheria, na watu wanaishi ndani. Karibu zote, ukumbi huo hauonekani. Mtu alitia dari, akajenga dohani, akapata chumba cha kulala juu yake. Ukitaka ushahidi inabidi upande darini na tochi, umulike boriti za paa. Utazikuta nyeusi tii kwa masizi, juu ya chumba ambacho hakuna anayekumbuka moto ukiwashwa katikati yake. Mwenye nyumba hawezi kuing'oa ile dari ili aone zaidi, na sheria ina haki kumzuia, maana dari yenyewe ina karne kadhaa.

Basi ni wapi utauona ukumbi ukifanya kazi yake? Kuna michoro, ndiyo, lakini michoro haitoi machozi. Ndani ya Bayleaf moto unapowashwa, moshi unapanda na kutanda juu ya vichwa. Aliyekaa kwenye benchi anapumua vizuri kuliko aliyesimama. Hapo unaelewa kwa nini viti vilikuwa vifupi. Madirisha hayana vioo, yana nguzo za mbao na vibao vya kufungia, kwa hiyo unafunga upande upepo unakotoka na kuacha ule mwingine upate mwanga. Na meza ya mwenye nyumba imewekwa mwisho wa ukumbi, mbali na mlango, kwa sababu ambayo miguu yako inaijua kabla hujaelezwa. Kasisi William Harrison, aliyeandika mwaka 1577, alisema wazee wa kijijini kwake walistaajabia jinsi dohani zilivyozidi kuwa nyingi, na kwamba zamani moshi uliaminika kukomaza mbao za nyumba na hata kuwakinga watu na mafua. Aliyewahi kuona paa la makuti la jikoni likidumu kuliko la sebuleni hatacheka haraka.

Kuna jambo lingine. Fremu za mwaloni zilichongwa chini kwanza, kila kiungo kikatiwa alama, kisha zikainuliwa na kufungwa kwa vigingi vya mti. Fundi wa karne ya 15 angeona ajabu nyumba kupelekwa mbali hivyo, lakini kazi ya kuifungua angeitambua.

Ukweli ni kwamba udongo hauhamishiki. Weald ni nchi ya mfinyanzi mzito na misitu ya mialoni. Singleton ni bonde la vilima vya chokaa. Nyumba iliyotoka kwenye ardhi yake sasa inakaa kwenye ardhi isiyoijua, na wapingaji wakisema hilo huwa sina jibu. Vilevile sipendi wazo la mwekezaji kujitetea kwamba makumbusho yapo, nyumba ipelekwe huko. Ya Bayleaf ilikubalika kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Na kuna lile ghala. Kando ya nyumba limesimama ghala la mwaka 1536, zuri kweli, ila lilitoka Cowfold, Sussex. Nyumba ya Kent na ghala la Sussex havikuwahi kuwa shamba moja. Uani, kati ya bustani na mifugo, macho hayaoni mahali vilipounganishwa. Kuondolewa kwa dohani naweza kukutetea mchana kutwa. Hapa kwenye ua ningewaachia wafuasi wa Morris ushindi.