Nilivyofunga Mara Tatu

Siku ya kwanza ya mfungo nilikula korosho mia moja sabini na tano, na kwa hesabu ya nyumba ile bado nilikuwa nimefunga.

Namba hiyo sikuibuni. Nilinunua robo kilo ya daraja la W320, na 320 hapo ni idadi ya juu ya punje kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Piga hesabu mwenyewe. Mambo haya nayajua kwa sababu mimi ni mtoto wa Newala. Nimekulia chini ya mikorosho, nabangua bila kuunguzwa na mafuta ya ganda, na najua kwamba kilo nne za ghafi, yaani zenye ganda, hukuachia kilo moja na ushee tu ya kula. Ghafi zetu nyingi hupakiwa meli pale Mtwara, zikaenda kubanguliwa nchi kama India na Vietnam. Kwa hiyo nilipokwenda kusoma Vadodara, jimbo la Gujarat, nikaikuta korosho imetulia dukani kwenye kioo, ina bei na heshima, nilijiona nimekutana na binamu aliyepata cheo.

Nilipanga chumba pamoja na chakula kwa familia ya Kihindu. Oktoba ikaingia na Navratri yake, masiku tisa ya kumtukuza Mama Amba. Baba mwenye nyumba akanitangazia kwamba kwa siku hizo jikoni hakupikwi ngano, mchele, dengu, kunde, kitunguu maji wala kitunguu saumu, na chumvi ya kawaida haitagusa sufuria. Mimi sikuwa na nadhiri yoyote, lakini mpangaji hufuata jiko. Nikauliza, sasa tunakula nini? Akasema maziwa, mtindi, viazi, matunda, halafu matunda makavu na njugu za kila namna ni ruksa. Nikacheka kimoyomoyo. Mtoto wa Newala aogope mfungo wa korosho?

Aliyenionya ni Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita bibi. Alikuwa mama yake mwenye nyumba, mzaliwa wa Tanga aliyeletwa Gujarat kuolewa, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa sandukuni miaka yote hiyo bila kuliwa na mende.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba. Nasikia nawe wafunga?"

"Nafunga, Ba. Kwetu watu hufunga mwezi mzima, mchana kutwa hata tone la maji hawaonji. Huu wa kula kutwa utanishinda?"

"Huo ndio utakaokushinda," akasema, akaendelea kumenya lozi.

Sikumwelewa. Kwetu anayefunga anafunga mdomo, kule kinachofungwa ni pipa la unga. Mdomo unabaki wazi, na mbele yake kuna bakuli. Chakula chenyewe wanakiita farali, jina linalotokana na tunda, na kanuni yake ni kwamba kisiwe nafaka wala jamii ya dengu. Ndiyo maana mbegu za mchicha, wanazoziita rajgira, zinasagwa unga wa chapati, na sabudana, vile vipunje vyeupe kama shanga, vinapikwa asubuhi. Sabudana ni wanga wa muhogo. Nilisafiri bahari nzima kwenda kula muhogo. Tena una masharti: uloweke saa tano kwa maji yanayofunika punje tu, uuchuje mpaka ukauke, uuchanganye na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, maana unga wa karanga ndio unaozuia punje zisishikane. Nilipoachiwa zamu niliongeza maji kikombe kizima kwa wema wangu, ikatoka gundi. Ungeweza kubandikia mabango ya uchaguzi.

Karanga nazo zinaruhusiwa, ingawa kwa mimea ni ndugu wa kunde. Nilimuuliza Ba sababu. Akaniuliza kama nimekuja kusoma au kubishana.

Siku ya pili nikajiongeza. Nilikuta dukani karanga za Bharuch, mji ulio kati ya Vadodara na Surat, unaosifika kwa karanga za chumvi, na pembeni yake pakiti ya njugu zilizopakwa viungo, nyekundu, zinanukia mpaka barabarani. Nikarudi nazo mkononi kama mtu aliyetoka kuhiji. Ba akavaa miwani, akasoma mgongo wa pakiti taratibu.

"Chumvi ya mezani," akasema. "Besan." Huo ni unga wa dengu, ndio lile gamba linalozifanya njugu zikwaruze ulimi. "Na mvuje."

"Mvuje una nini, Ba? Hata bibi yangu anautia kwenye mchuzi."

"Mvuje wa unga wa dukani huchanganywa na ngano. Utomvu wenyewe mkali mno, haupimiki, ndipo wanaupunguza kwa unga. Pakiti moja wewe umekula chumvi, dengu na ngano. Bado kuku tu."

Pakiti ikapewa mtoto wa jirani ambaye alikuwa hafungi chochote.

Tangu hapo nikawekwa darasani, mbele ya karai. Chumvi ya mfungo ni sendha namak, chumvi ya mawe, ina wekundu wa mbali. Ulimini ni mpole kuliko ya mezani, na hapo wageni wengi huteleza: wanaongeza na kuongeza mpaka chakula kinakuwa bahari. Nusu kijiko cha chai inatosha bakuli kubwa. Kisha makhana, mbegu za yungiyungi zilizopasuliwa kwa moto, unaweza kuapa ni bisi. Gramu 50, kijiko kimoja cha samli, moto wa chini kabisa, unakoroga dakika nane mpaka kumi bila kuondoka. Zikiwa tayari, ukiibana moja kwa vidole inapasuka kama ganda la yai. Ikibonyea kama sponji, bado. Mimi nilipandisha moto ili tumalize mapema. Nje zikawa rangi ya kahawa, ndani zikabaki mpira, na chumvi niliyotia kabla ya samli ikashuka yote chini ya karai. Chumvi haishiki mbegu kavu, inahitaji mafuta ya kuning'inia. Korosho hukaangwa peke yake kwa sababu inageuka rangi ghafla ukitazama pembeni, na zabibu hutiwa mwisho, nusu dakika, zikivimba tu unaepua. Ukizichelewesha zinakuwa kokoto tamu.

Haya yote nilijifunza vizuri. Kosa langu halikuwa la mapishi, lilikuwa la hesabu. Kila mtu wa familia alikuwa anakula njugu za kiganja kimoja kwa siku, gramu 30 hivi, pamoja na papai, viazi vitamu na maji mengi. Mimi papai nililiona kila siku nikalidharau. Nilikuwa nakula robo kilo ya korosho na kunywa chai ya maziwa. Robo kilo ya korosho ina kalori kama 1,400 na mafuta zaidi ya gramu 100, lakini nyuzinyuzi zake ni gramu nane tu, kiasi ambacho hakiwezi kusukuma hata baiskeli. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya nne nikawa nimefunga kuliko kuhani wa hekalu: nimefunga na chakula, nimefunga na choo.

Sasa jambo kama hilo unamwambia nani? Ba ningemwambiaje, na heshima yote ile? Nikajitibu mwenyewe. Saa kumi na moja jioni nikanunua gramu 200 za plamu kavu na tini kavu kumi na mbili, zile zilizotobolewa na kutungwa kwenye kamba kama shada la maua. Nikazila zote chumbani, mlango umefungwa, nikateremshia na lita nzima ya maji ya moto.

Dawa ni hiyohiyo, sikukosea. Kinachotakiwa ni tini mbili, zilowekwe usiku, uzile asubuhi na maji yake, au plamu nne tano. Plamu kavu ina sukari iitwayo sorbito, karibu gramu 15 katika kila gramu 100, ambayo utumbo hauinyonyi vizuri. Inabaki ndani inavuta maji, na vijidudu vya utumbo vinaichachusha kuwa hewa. Tini nazo zinaleta nyuzinyuzi za kuvimba. Mimi nilikuwa nimemeza gramu 30 za sorbito na nyuzinyuzi za wiki, juu ya saruji ya siku nne. Fundi bomba yeyote angekwambia kitakachofuata.

Saa tatu na nusu usiku tukaenda uwanjani kucheza garba.

Kijana wa nyumba aliniazima nguo ya kuchezea: shati fupi la marinda lenye kioo kwenye kila mshono, na suruali pana ya kamba. Akanionyesha kufunga kitanzi cha kuvuta, kinachofunguka kwa ncha moja. Nikaona kitafunguka nikiwa katikati ya watu, aibu gani hiyo. Nikafunga fundo la ngalawa, nikakaza, nikafunga jingine juu yake. Hiyo ikawa mara ya tatu.

Garba huchezwa kwa duara ndani ya duara, katikati yupo Mama Amba na taa zake, na maelfu ya watu wanazunguka kinyume na mwendo wa saa. Hatua tatu, piga makofi, inama, geuka. Kuinama ndiko kulikoniumbua. Mzunguko wa kwanza ilipita hewa, ngoma zikanisitiri. Mzunguko wa pili hewa ikapita kabla ya ngoma. Dada aliyekuwa nyuma yangu akahama duara. Mzunguko wa tatu nikasikia tumboni mngurumo kama lori la korosho linapanda mlima wa Makonde kwa gia ya kwanza, nikajua si hewa tena.

Kutoka kwenye garba si kama kutoka msibani, kwamba unainuka tu unaaga. Ukikata moja kwa moja kuelekea nje unapigwa na viwiko vya watu mia, na ukisimama wa nyuma wanakupanda. Njia ni kuhama wakati wa kugeuka, duara moja kwa kila mgeuko, huku unaendelea kupiga makofi na kutabasamu. Mimi nilikuwa duara la tano kutoka nje. Nimepiga makofi ya dhati kiasi kwamba mzee mmoja alinipongeza.

Vyoo vilikuwa nyuma kabisa ya uwanja, na foleni ya watu sita. Sura yangu ilijieleza, wote wakanipisha. Nikaingia, nikashika kamba. Fundo la ngalawa, kama lilivyofundishwa na wahenga, likivutwa linakaza. Nililikaza kwa kila hatua ya ngoma saa nzima, na jasho lilikuwa limeliloanisha. Kucha hazikuingia. Meno hayakufika, ingawa nilijaribu, na mtu akiwa katika hali ile hashauriwi kujikunja.

Nikatoka nje tena, magoti yamebanana. Kando ya mlango alikaa mlinzi mzee kwenye kiti cha plastiki, anakata popoo kwa mkasi wake wa shaba, tayari kwa tambuu. Sikuwa na Kigujarati cha kutosha, ila nilionyesha fundo, nikaonyesha choo, nikaunganisha viganja kumwamkia. Aliniangalia, akaangalia fundo, akapangusa mkasi kwenye shuka lake, akakata. Kacha! Mara moja, kama anavyokata popoo.

Sitaeleza yaliyofuata. Foleni ilihamia choo cha pili.

Nyumbani nilirudi kwa mguu, kilomita mbili, nimeshika suruali kwa mikono miwili, vioo vya shati vinamulika taa za magari. Niliingia kwa kunyata. Asubuhi nikamkuta Ba mezani, na kwa jinsi alivyokuwa ameinamisha uso nikajua yule mlinzi ni mtu wa mtaa wetu.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba. Kaa ule."

Mbele yangu palikuwa na kibakuli kidogo cha bati. Lozi tano zilizolala majini usiku kucha na kumenywa ganda, zabibu kumi, nusu punje ya njugu ya jozi, vipande vya papai sahani nzima, na tini moja imelowa. Ba akanitazama, akatazama kibakuli, akaitoa ile tini kwa vidole viwili, akairudisha kwenye kopo.

"Hii tutakuwekea," akasema, "mpaka upate kamba nyingine."