Mzungu hana roho mbaya, ana haraka tu

Nina mwaka wa saba huku Hamburg, Ujerumani, na kila nikiongea na watu wa Tanga swali ni lile lile, eti huko mtu akianguka barabarani wanampita tu? Zamani nilikuwa naitikia ndiyo na kuongezea chumvi. Siku hizi nanyamaza, maana aliyempita mtu ni mimi.

Januari, giza bado, barafu kila mahali, nawahi shifti ya saa kumi na mbili. Mzee kateleza karibu na ngazi za treni, mfuko umepasuka, machungwa yanabingirika. Nilimwona vizuri sana. Nikajisemea si wapo wengine hapo, nikapanda treni. Yale machungwa yalinikaa kichwani mpaka mapumziko, na kazini wala hakuna aliyejua kama nimewahi.

Kuna utafiti wa Marekani wa 1973, Darley na Batson, walichukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia pale Princeton wakawaambia nendeni jengo la pili mkazungumze mbele ya watu, baadhi yao mada ndo ile ya Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyemsaidia mtu aliyeachwa njiani kapigwa, halafu njiani wakamweka mtu kajikunja mlangoni anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, waliomsaidia ni 10 kwa 100. Walioambiwa muda upo, 63 kwa 100. Yaani unaenda kuhubiri Msamaria na mgonjwa unamruka! Nilicheka, halafu nikakumbuka machungwa.

Nyumbani muda tunao, hilo la kwanza. La pili, ukidondoka pale Ngamiani muuza kahawa anajua wewe mtoto wa nani, na akikupita itajulikana kabla ya adhuhuri. Hapa najua nitatukanwa ila nasema, wema wetu mwingi unalindwa na aibu. Angalia list za michango WhatsApp, jina, kiasi, tiki. Msiba wa juzi dada yangu hata hakuniuliza, kaandika tu "nimekuwekea laki mbili, usiniaibishe". Marehemu hakutajwa kabisa. Nikatuma. Na simcheki, maana alipofariki baba daftari hilo hilo la michango ndo lilitulisha, msiba mzima hatukununua hata kilo ya mchele. Ni bima yetu, inafanya kazi. Shida ni ambaye hayumo kwenye daftari, dada wa kazi katoka mkoa mwingine, akilazwa nani anamwandikia laki mbili?

Sasa huku kazini kuna mama mmoja mkali, salamu anaitikia kwa nyusi. Siku moja namwona na plasta kwenye mkunjo wa mkono, kumbe anatoa damu, miaka mingi, halipwi kitu, anapewa mkate na juisi anaondoka. Nikamuuliza inaenda kwa nani. Akanitazama kama nimeuliza ujinga, "nitajuaje?" Mimi maisha yangu yote nimetoa damu mara moja, mjomba alikuwa anafanyiwa operesheni na tuliambiwa tulete ndugu wa kuchangia.

Wazungu nao wasijisifu sana lakini. Ujerumani kumwacha mtu kwenye ajali wakati ungeweza kumsaidia ni kosa la jinai, kifungu 323c, mpaka mwaka mmoja jela, na leseni ya gari hupewi mpaka usome huduma ya kwanza. Sisi tunaogopa list, wao wanaogopa hakimu. Kwenye hayo mafunzo mwalimu alituambia usipige kelele "nisaidieni", mnyooshee kidole mtu mmoja, wewe mwenye koti jekundu, piga 112, maana wakiwa wengi kila mmoja anamsubiri mwenzake. Ndo mimi yule wa kwenye ngazi.

Ila kuna kitu kinaniharibia hesabu zote hizi. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wavuvi ndo walifika kwanza na mitumbwi yao, kati ya watu 43 wakapona 24. Abiria hawakuwa kwenye daftari la mvuvi yeyote na hakuna aliyekuwa anamfikiria hakimu. Walikuwa karibu na walikuwa na makasia. Nimewaza sana hapo sijapata jina la hicho kitu, na sidhani kama ni cha Waswahili au cha wazungu.

Yule mzee sijamwona tena. Dada jana kaleta list nyingine, safari hii harusi, nipo namba nne na tiki bado.