Hillary Aliposimama Ukumbini

Kila msimu wa mchujo wa vyama unapoingia hapa Lamu, nakumbuka Agosti ya 2008, tulipokesha kwa ami yangu mtaa wa Mkomani tukitazama mkutano mkuu wa chama cha Democratic cha Marekani kutoka Denver, wa kumteua mgombea wao wa urais. Televisheni ilitolewa mpaka dakani, penye baraza ya mlangoni, na majirani wakajaa na birika zao za kahawa. Kura yangu naipigia hapa hapa kisiwani, wala Marekani sijawahi kufika. Lakini mkutano ule nauhisi kama wangu.

Wengi walikuja kwa ajili ya Barack Obama, mwana wa Mkenya. Nami pia. Ila kilichonikaa moyoni zaidi ni kitendo cha Hillary Clinton, aliyeshindana naye katika mchujo.

Kule ilikuwa Jumatano, huku kwetu usiku wa manane kuamkia Alhamisi. Majimbo yalikuwa yakiitwa moja moja kutangaza kura za wajumbe wao. New Mexico ilipofikiwa, ikaiachia nafasi Illinois, jimbo la Obama; Illinois nayo ikaiachia New York. Hapo akaonekana Hillary, si jukwaani bali chini ukumbini, katikati ya wajumbe wa jimbo lake. Akaomba kanuni za kuhesabu zisimamishwe, Obama ateuliwe kwa sauti ya wote. Nancy Pelosi, aliyeongoza kikao, akauliza wanaokubali, na ukumbi ukavuma.

Ami aliweka kikombe chini. "Kura karibu milioni 18 za mchujo, na bado amempisha mwenzake?"

Najua lilikuwa limepangwa. Majimbo hayapokezani nafasi kwa bahati. Hilo halinipunguzii kitu. Maana yake watu wa pande mbili waliketi, wakakubaliana namna aliyeshindwa atakavyotoka na heshima yake.

Kumbuka sisi tulikuwa tumetoka wapi. Desemba 2007 tulipiga kura, na baada ya matokeo kutangazwa walikufa Wakenya zaidi ya 1,000. Hapa Lamu tuliganda redioni mpaka tarehe 28 Februari, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba mbele ya Kofi Annan. Miezi sita tu ilikuwa imepita. Jeraha lilikuwa bichi, na mbele yetu mwanamke aliyeshindwa kwa tofauti ndogo anasimama mwenyewe kumteua aliyemshinda.

Miaka ya baadaye nilipanga foleni tangu asubuhi katika mchujo wa chama kimoja. Karatasi zikafika kwa mashua jua limeshapinda, na wengine majina yao hayamo daftarini. Usiku tukasikia cheti kimeshatolewa. Aliyekosa akahama chama wiki ile ile, na mtaani watu wakaacha kuamkiana. Simlaumu sana aliyehama. Nani atakubali kushindwa katika kura ambayo hakuiona ikihesabiwa? Hillary aliweza kusimama vile kwa sababu majimbo yaliyotangulia yalikuwa yameshazitaja kura zake kwa sauti, hadharani, na waliompigia wakazisikia. Kwanza mtu ahesabiwe, ndipo aombwe kuridhia. Vyama vyetu vinamwomba aridhie kabla ya kuhesabiwa.

Seneta Ted Kennedy naye alinigusa, alipopanda jukwaani siku ya kwanza akiwa na saratani ya ubongo. Alifariki mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 25 Agosti.

Usiku wa mwisho mkutano ulihamia uwanja wa mpira, watu zaidi ya 80,000. Obama alipoanza kuhutubia, Denver ilikuwa saa mbili za usiku, nasi tumeshafika saa kumi na moja za alfajiri ya Ijumaa, Ijumaa ya mwisho ya Shaaban. Vijana dakani walikuwa wamelala wameegemeana, nikawaamsha. Hata kabla hajafika mbali, akawashukuru waliogombea naye, na Hillary akamtaja kwa jina, kwa maneno ya heshima.

"Umesikia?" ami akaniuliza. "Kaanza na aliyeshindwa."

Adhana ikaanza. Ami akapunguza sauti ya televisheni, akavaa kofia yake, tukatoka sote, na Obama tukamwacha akiendelea kuhutubia dakani.