Punda wa Zekaria: mnyama wa wanyonge au wa wafalme?

Jumapili ya Matawi mahubiri mengi hutua palepale: Yesu aliingia Yerusalemu juu ya punda kwa kuwa punda ni mnyama wa wanyonge. Andiko la siku hiyo, Zekaria 9:9, linaelekea kuwaunga mkono wahubiri, maana linamwita mfalme "mnyenyekevu" na papo hapo linampandisha punda.

Ila Kiebrania chenyewe hakimdharau mnyama huyu. Jina lake la kawaida, hamor, wataalamu wengi hulihusisha na mzizi wa wekundu, huenda kwa rangi ya manyoya. Mtawala wa nchi ya Shekemu katika Mwanzo 34 anaitwa jina hilohilo, wala hakuna anayemcheka. Katika Waamuzi 10:4, Yairi, mwamuzi wa Israeli, ana wana 30, punda 30 wa kupanda na miji 30. Hiyo ni orodha ya ukwasi. Zekaria naye haishii kwenye hamor. Anaongeza ayir, yaani mwana-punda, na aton, punda jike, na maneno hayo mawili yamo katika Mwanzo 49:11, pale Yakobo anapombariki Yuda, kabila la fimbo ya enzi. Sidhani kama nabii aliyaokota kwa bahati.

Hata hivyo, hoja ya unyonge haijafa. Zekaria ni nabii wa nyakati za Waajemi, baada ya uhamisho wa Babeli. Sulemani alikwisha kukusanya magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, na katika Esta 6:8 heshima kuu ni kupandishwa farasi wa mfalme. Kwa masikio ya zama hizo, mfalme juu ya punda alikuwa jambo la kushangaza. Zekaria 9:10 inaeleza kwa nini: magari ya vita yataondolewa Efraimu, yaani Israeli ya kaskazini, na farasi Yerusalemu. Kwa hiyo naona punda amebaki na enzi yake ya kale. Unyenyekevu uko kwa mfalme anayeyaacha majeshi.

Linabaki suala la Mathayo 21, ambako kuna punda wawili, ilhali Marko, Luka na Yohana wanataja mmoja. Wapo wanaosema Mathayo, anayenukuu Zekaria, hakuelewa ushairi wa Kiebrania, unaorudia jambo moja kwa maneno mawili, hivyo akadhani punda mmoja ni wawili. Mimi hilo linanishinda kukubali kwa mwandishi aliyeyajua Maandiko kiasi kile. Marko 11:2 inasema mwana-punda huyo hakuwa amepandwa na mtu bado, na mnyama wa namna hiyo kutembezwa pamoja na mama yake katikati ya kelele za umati ni jambo la kawaida kabisa.