Kete 11 ambazo sikuziandika

Kijana mmoja anayesoma chuo hapa Dodoma alipita kijiweni kwetu Majengo wiki iliyopita, akatazama drafti kwa muda, kisha akatuambia kwamba kompyuta zimeshaumaliza mchezo huu, kwa hiyo hauna kina tena. Nilikuwa nacheza, nimebakiwa na vizibo vinne na upepo unatupiga vumbi la macho, sikumjibu vizuri. Namjibu leo.

Ni kweli iko drafti iliyomalizwa. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kazi ya programu yao ya Chinook mwaka 1989, na mwaka 2007 wakatangaza jibu: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Ilibidi wapambane na mchezo wenye mipangilio ya kete inayofika kama bilioni 500 mara bilioni moja. Lakini hiyo ni drafti ya Kiingereza, ambayo kingi hutembea mraba mmoja mmoja. Hapa kwetu kingi anakata mstari mzima kutoka kona hadi kona, na ukimpata mapema, hesabu ya mwenzako yote inavurugika. Kijana alituletea majibu ya mtihani ambao hatukuufanya.

Halafu kuna Marion Tinsley, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa hesabu na bingwa wa dunia wa drafti hiyo ya Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka 40 michezo aliyopoteza haikufika 10. Mwaka 1990 alicheza na Chinook, na mashine ilipocheza hatua yake ya kumi akamwambia Schaeffer kwamba atajuta. Mashine yenyewe ilikuwa inajiona iko vizuri. Ilikubali kushindwa baada ya hatua ya 36. Schaeffer aliweza kurudi kwenye mchezo ule na kuchunguza Tinsley aliona nini, kwa sababu moja tu: kila hatua ilikuwa imeandikwa.

Hapo ndipo roho yangu inaponiuma.

Mimi sipimi kina kwa wingi wa sheria. Drafti unamfundisha mtoto wa darasa la tatu kabla chai haijapoa. Bao la Kiswahili linataka wiki nzima, maana kuna kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja, kuna mtaji, zile za akiba zikiisha, kuna kutakata, yaani zamu isiyo na kula, kuna kichwa na kimbi, mashimo ya pembeni ya safu ya mbele, na kuna nyumba, shimo maalumu la safu hiyohiyo. Ninachotafuta ni ile hatua inayogeuza maana ya hatua nyingine tano ambazo bado hazijachezwa, huku mtu mwenye kichwa kizuri akikaribia kuziona zote asizimalize. Kwa kipimo hicho bao si mchezo mdogo. Mashimo 32, kete 64, na kila anayekula anazisambaza kete za mwenzake upande wake mwenyewe, kwa hiyo hakuna kete inayotoka mchezoni. Kwenye drafti ubao unapungua na macho yanapumzika. Kwenye bao kete ni zilezile mwanzo hadi mwisho.

Mzee aliyenifundisha alitoka pwani akahamia hapa kikazi, na komwe zake alikuja nazo kwenye mfuko wa kitambaa. Siku moja alikuwa ananamua. Akala, akasambaza kuanzia kichwa cha kushoto, na kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yake. Nikahesabu: kete 11. Shimo la mpinzani lililotazamana nayo lilikuwa tupu, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake, aende safari, yaani azimwage kete za nyumba aendelee kusambaza, au alale, yaani aziache na zamu yake iishie hapo. Wote tuliosimama pale tulijua anakwenda safari. Kete 11 zinafika zaidi ya nusu ya mashimo yako 16!

Akafungua kiganja, akakiweka gotini. Amelala.

Nilimuuliza baadaye, "Babu, mbona uliziacha?" Akanionyesha kwa kidole, bila kugusa shimo: "Ningezimwaga, mwanangu, ningemjazia huku kulia, na yeye huku ana kete mbele ya kila shimo. Angenila mpaka kimbi. Na nyumba yangu hana njia ya kuifikia, shimo lake la mbele ni kavu." Zamu tatu baadaye akaangukia nyumbani tena, safari hii akaimwaga, na safu ya mbele ya mpinzani ikabaki tupu. Bao likaisha.

Mzee huyo tumeshamzika. Nakumbuka kete 11, nakumbuka kiganja gotini. Mashimo mengine yalikuwaje? Siwezi kuupanga ubao ule tena hata nikikaa kutwa. Nilikuwa na simu mfukoni na kalamu sikioni, nikaona haina haja.

Picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao tunazo na tunazipenda. Picha inaonyesha mkono juu ya shimo. Haionyeshi kete ilitoka wapi, wala alikuwa amekataa kucheza nini. Wachezaji wa chesi wanasoma michezo ya watu waliokufa karne mbili zilizopita, hatua kwa hatua, na kuigombania kana kwamba imechezwa jana. Sisi tunabishana kwa kumbukumbu, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kuandika bao si kazi ngumu. Safu ya mbele ipe namba 1 hadi 8, ya nyuma 9 hadi 16, kila mtu akihesabu kutoka kushoto kwake. Andika shimo alipoanzia, andika kushoto au kulia, na akienda safari weka herufi S. Basi. Kusambaza kote kunakofuata sheria zenyewe zinakuonyesha, huna haja ya kukuandika. Mchezo mzima unaenea ukurasa mmoja wa kauntabuku.

Jumapili tuliandika wa kwanza, chini ya mwarobaini, mwandishi akiwa binti wa mama muuza kahawa maana ana mwandiko unaosomeka. Kwenye zamu ya tisa kuna S. Mimi nasema mchezaji yule alipaswa kulala, mwenyewe anasema hapana, na safari hii hakuna anayeweza kudai kwamba kete hazikuwa vile. Jumapili ijayo tunaupanga ubao kuanzia hapohapo, yeye analala, mimi nashika upande wa pili.