Aliyerubuniwa mtandaoni, tumpokonye simu?

Mzazi wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, akigundua kwamba binti yake wa miaka 14 amekuwa akichati usiku na mwanamume asiyemjua, na kwamba amemtumia picha za utupu, mara nyingi simu hupokonywa papo hapo. Wakati mwingine kiboko hufuata.

Wanaotetea hatua hiyo wana hoja. Mrubuni akishapata picha moja hudai nyingine, au hudai pesa, akitishia kuisambaza kwa wanadarasa. Kila ujumbe unaoingia humshtua mtoto. Mawasiliano yakikatwa, angalau usiku huo atapumua.

Lakini tuangalie mtu huyo aliingiaje. Hakuanza na picha. Alianza kwa kumnunulia bando, kumsifu, kumuuliza mtihani ulikuwaje, na kumsikiliza kwa miezi. Ndiyo maana kinachomtesa mtoto baadaye si hofu peke yake. Kuna aibu, kuna kujilaumu kwa kuwa yeye ndiye aliyetuma, na kuna jambo linalotuuma sisi watu wazima kulisikia: huenda bado anampenda mtu yule na anamlilia. Wengine hukosa usingizi na kushuka masomoni. Wengine, hasa wavulana wanaoogopa kuchekwa, hawaonyeshi lolote. Anayeuliza "kwani aliguswa?" hajafikiria maisha ya mtoto anayejua kwamba picha yake ingali mikononi mwa mtu, na inaweza kuibuka siku yoyote.

Tena warubuni hupenda kuonya, "Ukisema, watakulaumu wewe." Simu ikinyakuliwa kwa matusi, mzazi amemthibitishia mtoto onyo hilo. Akitishiwa tena, atanyamaza. Kwangu mimi, kimya hicho ni hatari kuliko simu yenyewe.

Kwa hiyo naunga mkono kukata mawasiliano, lakini napinga adhabu. Simu ihifadhiwe kama ushahidi, na mtoto aelezwe hivyo waziwazi. Jumbe zisifutwe, hasira ikizifuta, mkosaji ndiye anayefaidika. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inamlenga anayemwandama mtoto mtandaoni kwa nia ya ngono, haimlengi mtoto aliyerubuniwa. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo, na anayepokea amezoea kusikiliza watoto. Mzazi naye anaweza kuipiga, hata kabla hajajua amwambie nini mwanawe.