Kabla ya Kuhesabu Matundu ya Habu, Hesabu Ampea

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta kando ya Oginga Odinga Street, Kisumu, uulize habu ya USB, kile kifaa kinachogawa poti moja ya kompyuta kuwa matundu kadhaa. Muuzaji atakuuliza, "Ya matundu manne au saba?" Mimi nasema tunaanzia pabaya. Kabla ya matundu, tuulize umeme wa kuyalisha unatoka wapi, na ni ampea ngapi, yaani mkondo wa kiasi gani. Naamini modemu nyingi, diski za nje na visomaji vya alama za vidole ambavyo saiba zetu huvitangaza kuwa vimekufa ni vizima kabisa. Vimenyimwa umeme tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Poti ya USB 2.0, toleo la zamani, hutoa volti 5 na mkondo wa miliampea 500, yaani nusu ampea. Ya USB 3.0, toleo lililofuata, hutoa miliampea 900. Habu isiyo na adapta, yaani chaja yake ya ukutani, haiongezi chochote juu ya hapo. Inagawa kile ilichopewa na poti moja. Kwa USB 2.0, kanuni inaitengea habu yenyewe miliampea 100, kisha kila tundu linapata 100, na ndiyo sababu habu ya aina hiyo haistahili kuzidi matundu manne. Kibodi na kipanya zitaridhika. Lakini modemu ya 4G inayohangaika kutafuta mtandao inaweza kutaka 500 peke yake, na diski ya nje ya inchi 2.5 huweza kuvuta karibu ampea 1 kwa sekunde chache inapoanza kuzunguka. Ukichomeka hizo mbili kwenye habu moja isiyo na adapta, volti zinashuka: diski inaanza kulia tik-tik, modemu inaonekana na kupotea, na mteja aliyekuja kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anaambiwa mtandao ni mbaya leo.

Usitegemee kompyuta ikuonye. Kila kifaa kinapochomekwa hutamka kiasi cha umeme kinachohitaji, na kompyuta hulikubali tamko hilo bila kupima. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux utaliona kwa amri ya lsusb -v, kwenye mstari wa MaxPower. Lisome ukijua kwamba ni ahadi. Habu nyingi za bei ya chini hujitambulisha kuwa zina adapta hata kama hazina, basi kompyuta inaruhusu miliampea 500 kwa kila tundu, umeme usiokuwepo. Kinga inayobaki mara nyingi ni fyuzi ndogo inayojirudisha: ikipata joto inakata, ikipoa inaachilia. Poti iliyokataa kazi mchana ikafufuka baada ya dakika kadhaa haina pepo. Ilizidiwa, ikapoa.

Kebo nayo hula umeme, na hapa ndipo watu hupotezea pesa bila kujua. AWG ni kipimo cha unene wa waya: nambari ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Waya wa nambari 28 AWG una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa takriban omu 0.21 kwa kila mita, na umeme huenda kwa waya mmoja ukarudi kwa mwingine, kwa hiyo kebo ya mita 2 ni mita 4 za waya. Kwa mkondo wa miliampea 500 unapoteza karibu volti 0.43 njiani, ulianza na 5, kifaa kinapata 4.57. Bodi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63. Waya wa 24 AWG, kwa urefu uleule na mkondo uleule, hupoteza 0.17 tu. Soma maandishi madogo kwenye ganda la kebo. Ukiona 28AWG/1P na 24AWG/2C, maana yake jozi ya data ni nyembamba na nyaya mbili za umeme ni nene, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kama hakuna maandishi yoyote, chukua kebo fupi iwezekanavyo.

Sasa adapta. Habu ya matundu saba yenye adapta ya volti 5 na ampea 2 inabakisha chini ya miliampea 300 kwa tundu, yote yakitumika. Habu ya USB 3.0 yenye matundu manne, ukitaka kila moja litoe 900 kamili, inahitaji ampea 3.6, basi tafuta adapta ya ampea 4. Na tafadhali soma volti kabla ya kuchomeka. Kichwa cha adapta ya volti 12 ya ruta au ya kamera za CCTV mara nyingi kinaingia sawasawa kwenye habu ya volti 5. Kinaingia bila shida, na dakika hiyohiyo habu inaweza kuungua pamoja na kila kilichochomekwa. UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, ambazo watu wa Kisumu na Nakuru wamezoea zina hatari hiyohiyo, kwa sababu nyingi zina matundu ya volti 5, 9 na 12 yamepangwa kando kwa kando. Bandika karatasi yenye nambari kwenye kila waya.

Habu yenye adapta ina kasoro nyingine ambayo mafundi wengi huiruka: kurudisha umeme nyuma. Umeme wa adapta unapaswa kuishia kwenye matundu ya vifaa, usipande kebo kuelekea kompyuta. Habu mbovu haina kizuizi, kwa hiyo kompyuta iliyozimwa inaendelea kuwaka taa, au Raspberry Pi inakataa kuzimika sawasawa. Kupima ni rahisi: chomeka adapta ukutani, acha kebo ya kwenda kwenye kompyuta ikining'inia, kisha weka mita ya kupimia volti kwenye pini mbili za pembeni za kichwa chake cha USB-A, kile kipana cha mstatili, ukiangalia zisigusane. Ukipata volti 5, habu hiyo inarudisha umeme. Wapo wanaokata waya mwekundu wa kebo hiyo, ule unaobeba umeme. Hufanya kazi kwa baadhi tu, kwa sababu habu nyingi huutumia waya huohuo kujua kwamba kompyuta ipo. Mimi ningeirudisha habu dukani.

Kwa USB-C, kile kichwa kidogo kinachoingia upande wowote, kebo yenyewe hubeba tamko la umeme. Kebo ya kutoka USB-A kwenda USB-C inapaswa kuwa na resista, kipande kidogo cha ukinzani, ya kiloomu 56 (omu 56,000). Mwaka 2015, Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza kupima kebo zilizouzwa mtandaoni akakuta nyingi zimewekewa ya kiloomu 10, ambayo huiambia simu kuwa ampea 3 zipo. Simu inazivuta, na poti ya laptopu ndiyo inayoumia.

Kinachoniudhi zaidi ni hasara inayotokea stima ikipotea. Laptopu ina betri, mwenye duka hana wasiwasi. Lakini kama chaja inapitia kwenye habu ya USB-C, chaja ikizimika habu inabidi ibadilishe chanzo cha umeme kutoka chaja hadi laptopu, na habu nyingi hukata vifaa vyote kwa sekunde moja katika mabadiliko hayo. Sekunde hiyo inatosha kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski ya nje. Habu yenye adapta ya ukutani haina nafuu: adapta ikizimika, vifaa vyote vinaangukia poti moja ya laptopu. Kwa hiyo diski ya kuhifadhi kumbukumbu za shule au za duka ichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu, na habu ibaki na printa, kibodi na skana. Printa ina umeme wake, haitegemei habu.

Ukienda kununua, beba kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea. Chomeka adapta ya habu, kisha kipimo kwenye tundu tupu. Kinapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Halafu ongeza diski ya nje uangalie nambari wakati inaanza kuzunguka. Zikishuka chini ya 4.75, badilisha kwanza adapta kwa yenye ampea zaidi na volti zilezile. Zikishuka tena, mrudishie muuzaji habu yake.